Je, ni Warumi walioiangusha himaya ya Seleucus?

Swali: Shikamoo mwalimu. Najiandaa kufundisha historia ya kale, na nimesoma kwamba himaya ya Seleucus, iliyoanzia pwani ya Uturuki ya leo ikafika hadi mipaka ya India, ilianguka baada ya Warumi kuipiga pale Magnesia mwaka 190 KK. Lakini naona wafalme wake wanaendelea kutajwa miaka mingi baadaye, hata katika Biblia. Iliangushwa na nani hasa? Na ilisimamaje hata ikawa kubwa kiasi hicho?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Umegusa penyewe. Vita vya Magnesia vilipiganwa majira ya baridi ya mwaka 190 kuingia 189 KK. Ufalme wenyewe ulifutwa na jenerali Mrumi Pompey mwaka 64 KK. Ukihesabu tangu Seleucus alipoitwaa Babeli mwaka 312 hadi Pompey, unapata miaka 248, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ilikuja baada ya Magnesia. Kwa hiyo kitabu chako kimekata hadithi katikati. Mimi nasema Waseleukidi, yaani wafalme wa ukoo wa Seleucus, waliigawa himaya yao kwa mikono yao wenyewe, kipande baada ya kipande, katika kugombea kiti. Warumi walihakikisha tu kwamba ugomvi ule hauishi.

Turudi mwanzo, maana ubovu uliomaliza ufalme ulikuwemo tangu siku za kwanza. Alexander Mkuu alifariki Babeli mwezi Juni 323 KK bila mrithi aliyefikia umri wa kutawala. Majenerali wake wakagawana nchi, kisha wakaanza kunyang'anyana. Seleucus hakuwa mkubwa kati yao. Alipata uliwali wa Babeli mwaka 320 hivi, baada ya yeye na maofisa wenzake kumuua Perdiccas, aliyekuwa msimamizi wa dola nzima. Miaka michache baadaye Antigonus, yule jenerali wa jicho moja aliyetaka kurithi vyote, alikuja Babeli na kumdai hesabu za mapato. Seleucus alielewa maana ya kudaiwa hesabu na mtu mwenye jeshi kubwa. Akatoroka na wapanda farasi wachache, akaenda kujihifadhi Misri kwa Ptolemy.

Mwaka 312 alirudi. Alikuwa na watu kama 1,000 tu, askari wa miguu na wapanda farasi pamoja. Mwanahistoria Diodorus anasema watu wa Babeli walimpokea kwa furaha kwa sababu aliwatawala kwa wema miaka ile ya kwanza, na sioni sababu ya kulikataa hilo: jeshi la watu 1,000 haliwezi kuichukua nchi ya Babeli kama wenyeji hawataki. Ndani ya miaka michache alikuwa ameshika nchi ya Media, kaskazini-magharibi mwa Iran ya leo, na Uajemi, akasonga mashariki hadi Baktria, kaskazini mwa Afghanistan ya leo. Mwaka 305 au 304 akajiita mfalme.

Alipofika bonde la Indus alimkuta mfalme wa India, Chandragupta Maurya, na hapo ndipo ninapomwona Seleucus kuwa na akili kuliko wenzake wote. Aliona nchi zile hawezi kuzishika. Akazitoa, kuanzia maeneo ya Kandahar hadi Gandhara, akapokea tembo wa vita 500, na balozi wake Megasthenes akaenda kukaa katika mji mkuu wa Chandragupta, Pataliputra. Wako wanaolihesabu jambo hilo kuwa ni kushindwa. Lakini mwaka 301 KK, katika uwanja wa Ipsus nchini Frigia, ndani ya Uturuki ya leo, tembo hao walisimama kama ukuta kati ya wapanda farasi wa Demetrius na baba yake Antigonus. Demetrius alikuwa amewafukuza maadui mbali mno, na alipogeuka hakupata pa kupita. Antigonus akauawa akiwa na miaka zaidi ya 80. Seleucus akapata kaskazini ya Shamu, yaani Syria, na baada ya kumuua Lysimachus pale Corupedium mwaka 281 akapata pia sehemu kubwa ya Asia Ndogo, yaani Uturuki ya leo. Miezi michache baadaye akachomwa kisu na mgeni aliyekuwa amemhifadhi mwenyewe, Ptolemy Keraunos, mwana wa Ptolemy wa Misri.

Sasa swali lako la pili: nchi hii ilisimamaje? Kumbuka kwamba haikuwa na kabila lake wala jina lake. Katika hati za Kigiriki mtawala anaitwa "Mfalme Antiochus" tu, bila kutaja ni mfalme wa nani au wa wapi. Haki yake ya kutawala ilikuwa moja: nchi imepatikana kwa mkuki. Aliyeshinda ni mfalme. Kila mrithi alipaswa kuushika mkuki huo upya, mbele ya macho ya askari wake.

Chini ya dai hilo kulikuwa na utawala wa kazi hasa. Kulikuwa na maliwali wa majimbo kama enzi za Waajemi, wakusanya kodi, ngome barabarani, na fedha ya uzani mmoja iliyotumika kutoka Aegean hadi Asia ya Kati. Seleucus na mwanawe Antiochus wa kwanza walijenga miji kwa kasi ya ajabu. Seleucia juu ya mto Tigri ilijengwa karibu na Babeli. Huko Shamu walijenga minne: Antiokia, Seleucia ya Pieria, Apamea na Laodikia, ambayo leo ni Latakia. Apamea ilipewa jina la Apama, mkewe Seleucus, binti wa mkuu mmoja wa Sogdiana. Alexander aliwaoza maofisa wake wanawake wa Kiasia pale Susa mwaka 324, na wengi waliwaacha mara baada ya kifo chake. Seleucus alibaki na mkewe. Kwa hiyo tangu mfalme wa pili, ukoo huu ulikuwa na damu ya Masedonia na ya Iran. Antiokia unaijua: ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, kama isemavyo Matendo ya Mitume.

Wastaafu wa jeshi walipewa mashamba katika miji hiyo kwa sharti kwamba wana wao nao watabeba silaha mfalme akiita. Ngome zao zilifika mbali: katika kisiwa cha Failaka, nchini Kuwait, wachimbaji wamefukua boma la Waseleukidi pamoja na hekalu na barua ya kifalme iliyochongwa kwenye jiwe. Na kwa wenyeji mfalme alijua kuvaa vazi lao. Tunayo silinda ya udongo ya mwaka 268 KK kutoka Borsippa, imeandikwa kwa Kiakadi, ambamo Antiochus wa kwanza anajiita mfalme wa Babeli na mtunzaji wa mahekalu ya Esagila na Ezida, sawasawa na Nebukadneza.

Jambo jingine walilofanya lilidumu kuliko ufalme wenyewe. Kabla yao, kila mfalme alianza kuhesabu miaka upya alipoketi. Antiochus wa kwanza hakuanza upya. Aliendeleza hesabu ya baba yake, na waliomfuata wakafanya vivyo hivyo, mwaka wa kwanza ukiwa ule wa kurudi Babeli. Kwa mara ya kwanza watu wa kawaida, kutoka sokoni hadi mahakamani, walikuwa na tarehe isiyokufa na mfalme. Wakristo wa Shamu na Wayahudi wa Yemen waliendelea kuitumia karne nyingi, na Waarabu waliiita tarehe ya Iskandar. Ishike tarehe hiyo akilini, tutaikuta tena mbele.

Wengi husema himaya ilikuwa kubwa mno, ndiyo maana ilimeguka. Siikubali sababu hiyo ikisimama peke yake. Waajemi walitawala eneo hilo hilo, na kubwa zaidi, kwa miaka 200. Ni kweli katikati ya karne ya 3 Baktria ilijitenga chini ya liwali wake Diodotus, na Parthia, kaskazini-mashariki mwa Iran ya leo, ikachukuliwa na Arsaces na watu wake. Lakini angalia yalitokea wakati gani. Mwaka 246 Antiochus wa pili alikufa akiacha wake wawili wenye watoto, Laodice na Berenice wa Misri. Berenice na mwanawe wakauawa, na kaka yake, Ptolemy wa tatu, akavamia kulipiza kisasi. Kisha Seleucus wa pili akapigana na mdogo wake mwenyewe, Antiochus Hierax, miaka kadhaa. Mashariki ilipotea wakati ndugu wanauana magharibi.

Hapa nikutajie kitu kitakachowagusa wanafunzi wako, maana kinatoka upande wetu wa Afrika. Ptolemy huyo wa tatu aliweka kumbukumbu ya kampeni yake katika maandishi ya mawe yaliyokuwa Adulis, pwani ya Eritrea ya leo, ambako msafiri Cosmas aliyanakili karne ya 6 BK. Anasema alikwenda vitani na tembo ambao yeye na baba yake waliwakamata huko huko. Waseleukidi walikuwa wameifunga njia ya tembo wa India, kwa hiyo Misri ikawatafuta katika pwani ya Bahari ya Shamu, yaani Bahari Nyekundu. Walipokutana Raphia, karibu na Gaza, mwaka 217 KK, mwanahistoria Mgiriki Polybius anahesabu tembo 73 wa Afrika dhidi ya 102 wa India, na anasema wengi wa wale wa Afrika waligoma kuwakabili wenzao. Hata hivyo siku ile Misri ilishinda, kwa askari wa miguu.

Aliyeshindwa Raphia alikuwa Antiochus wa tatu, naye ndiye ushahidi wangu mkubwa dhidi ya hoja ya ukubwa. Alirithi mwaka 223 ufalme ulio hoi: haukupita muda liwali Molon akaasi Media, na binamu wa Antiochus mwenyewe, Achaeus, akajitangaza mfalme Asia Ndogo. Aliwamaliza wote wawili. Kati ya 212 na 205 akaenda mashariki, akawarudisha Armenia, Parthia na Baktria chini ya mkono wake kama wafalme wadogo wanaomtambua, akafika hadi milango ya India akarudi na tembo wapya. Mwaka 200, pale Panium, akaipokonya Misri nchi ya Shamu ya kusini na Uyahudi. Akipatikana mfalme mmoja, asiye na ndugu wa kumpinga, himaya ile ile "kubwa mno" ilishikika.

Ndipo akagongana na Roma. Alishindwa Thermopylae mwaka 191, akashindwa Magnesia. Mkataba wa Apamea wa mwaka 188 ulimtaka aache nchi zote za magharibi ya milima ya Taurus, atoe tembo wake wote, abaki na manowari 10 tu, na alipe talanta 15,000, yaani karibu tani 390 za fedha, sehemu kubwa ikilipwa kwa miaka 12. Mwaka uliofuata aliuawa Elymais, kusini-magharibi mwa Iran ya leo, akijaribu kuchukua mali ya hekalu.

Watu wengi huishia kwenye talanta. Mimi nakuomba uangalie kifungu kinachosomwa haraka: mfalme atoe mateka wa dhamana, akiwemo mwanawe. Fedha ililipwa ikaisha. Mwaka 166 Antiochus wa nne alifanya gwaride la askari zaidi ya 40,000 pale Daphne, nje ya Antiokia, na tembo wakapita ingawa mkataba ulikataza. Ufalme usio na nguvu haufanyi hivyo. Lakini mateka hawakuisha.

Fuata ukoo huu taratibu, maana ndio kiini cha jibu langu. Mateka wa kwanza alikuwa Antiochus, mwana mdogo wa Antiochus wa tatu. Kaka yake, Seleucus wa nne, alipotawala, alimpeleka Roma mwanawe mwenyewe Demetrius, na Antiochus akaachiwa. Mwaka 175 Seleucus akauawa na waziri wake Heliodorus. Mrithi halali alikuwa Demetrius, lakini yuko Roma, mtoto. Baba yake mdogo akachukua kiti: ndiye Antiochus wa nne, Epifane, yule aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 na kuwasha uasi wa Wayahudi ulioongozwa na ukoo wa Wamakabayo. Tangu siku hiyo ukoo una milango miwili, wa Seleucus na wa Antiochus, na kila mlango una haki ya kudai. Kabla ya hapo walikuwa wakigombana ndugu, mmoja akafa, yakaisha. Sasa ugomvi ukawa wa kurithishana.

Epifane mwenyewe alikuwa mtawala hodari, na mwaka 168 alikuwa amebakiza kidogo kuitwaa Misri yote. Karibu na Alexandria alikutana na mjumbe wa Roma, Popillius Laenas, aliyemchorea duara mchangani kwa fimbo na kumwambia asitoke humo kabla ya kutoa jibu. Akaondoka Misri. Hilo lilikuwa tusi zito, lakini jeshi lake lilirudi nzima. Wataalamu wengi wanaona sura ya 11 ya kitabu cha Danieli, ile ya mfalme wa kusini na mfalme wa kaskazini, inasimulia vita hivi vya Misri na Waseleukidi.

Epifane alikufa mwaka 164 akiacha mtoto wa miaka kama 9. Demetrius, sasa kijana mkubwa, akaliomba baraza la Roma limruhusu akatawale. Wakakataa. Polybius, aliyekuwepo Roma na kumjua Demetrius, anaeleza sababu wazi: mtoto dhaifu aliwafaa zaidi. Mwaka 162 Demetrius akatoroka kwa meli ya Karthago, Polybius mwenyewe akisaidia mpango, akafika Shamu, na yule mtoto akauawa. Mlango wa Seleucus umerudi kitini. Lakini majirani waliomwogopa, akiwemo Attalus wa Pergamon, wakamleta kijana Alexander Balas aliyedai ni mwana wa Epifane, na Roma ikambariki. Akashuka Ptolemaisi, ambayo leo ni Akko, mwaka 152.

Hapa mwalimu, fungua 1 Wamakabayo sura ya 10. Ni mnada. Wafalme wawili wanamwandikia Yonathani, kiongozi wa waasi wa Kiyahudi ambaye jana tu walikuwa wakimwinda. Demetrius anampa ruhusa ya kuwa na jeshi na kurudishiwa mateka. Balas anapanda dau: anamfanya kuhani mkuu na kumpelekea vazi la zambarau na taji la dhahabu, na Yonathani analivaa vazi hilo katika mwaka wa 160, kwa hesabu ile ile iliyoanzishwa na Seleucus. Demetrius anarudi na dau kubwa zaidi: hakuna ushuru wa chumvi, hakuna kodi ya theluthi ya nafaka wala nusu ya matunda, na hekalu litapewa shekeli 15,000 za fedha kila mwaka. Yonathani hakumwamini, akabaki na Balas. Demetrius akafa vitani mwaka 150.

Ona kilichotokea hapo. Kodi ya mkoa ndiyo inayolipa jeshi, na jeshi ndilo linaloushika mkoa. Mgombea anayesamehe kodi ili apate askari wa mwaka huu anamwachia mrithi wake, kama atakuwepo, mwaka ujao usio na askari. Na akishasamehe mmoja, mpinzani hawezi kudai zaidi ya hapo. Mwaka 142 Demetrius wa pili, mwana wa yule aliyekufa vitani, aliwaondolea Wayahudi kodi yote, na kitabu hicho hicho, sura ya 13, kinasema watu wakaanza kuandika katika hati na mikataba yao mwaka wa kwanza wa Simoni, ndugu yake Yonathani aliyeshika nafasi yake. Yaani waliacha kuhesabu miaka ya Seleucus. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo wa nchi kutoka mkononi mwa mfalme.

Wakati mnada unaendelea Shamu, Mithridates wa kwanza wa Parthia aliitwaa Media, na mwaka 141 akaingia Babeli. Hasara hii naiona kubwa kuliko Magnesia mara nyingi, kwa sababu nafaka na fedha ya bonde la Tigri na Frati ndivyo vilivyokuwa vikiulisha ufalme. Demetrius wa pili alikwenda kuikomboa, akakamatwa mwaka 138.

Nafasi ilipatikana mara moja tu baada ya hapo. Antiochus wa saba, mdogo wake Demetrius, aliitiisha Yerusalemu kwa kuizingira, kisha mwaka 131 au 130 akaenda mashariki na jeshi kubwa. Aliwashinda Waparthia katika mapambano matatu, akarudisha Babeli na Media. Majira ya baridi yalipofika akawatawanya askari wake katika miji ili walishwe na wenyeji. Wakalishwa hadi ghala zikakauka, na madhila yakazidi. Miji ikapatana na Waparthia ikawashambulia askari siku moja. Antiochus akakimbilia kuwaokoa walio karibu, akauawa. Huo ulikuwa mwaka 129 KK, na ndio mwaka ninaokushauri uandike ubaoni, kwa sababu baada ya hapo hakuna Mseleukidi aliyetawala tena ng'ambo ya Frati.

Kabla ya hapo Waparthia walikuwa wamemfungulia mateka wao, Demetrius wa pili, arudi Shamu kuvuruga. Hawakuwa na haja ya kujifunza hila hiyo mbali.

Yaliyobaki nayapita haraka. Malkia Cleopatra Thea, binti wa Misri aliyeolewa na wafalme watatu wa ukoo huu, alimuua mwanawe mmoja, na mwaka 121 mwanawe mwingine, Antiochus Grypus, akamlazimisha anywe sumu aliyokuwa amemwandalia yeye. Grypus akapigana na Antiochus wa Cyzicus, ndugu yake wa mama mmoja, hadi alipokufa mwaka 96, na watoto wao wakaendelea. Miji ikajinunulia uhuru kwa yeyote aliyekuwa na shida ya marafiki. Tiro ilijitoa mwaka 126, na mwaka 109 ikapewa uhuru Seleucia ya Pieria, mji ambamo Seleucus mwenyewe alizikwa. Mwaka 83 Tigranes wa Armenia akaitwaa Shamu, na mwandishi Mrumi Justin anasema watu wenyewe, waliochoka na vita vya ndugu, walimtaka.

Warumi walipomshinda Tigranes, Antiochus wa 13 alirudishwa kitini mwaka 69. Miaka mitano baadaye akamwomba Pompey amthibitishe. Kwa mujibu wa Justin, Pompey alimjibu kwamba hatampa ufalme mtu aliyejificha kona ya Kilikia, kusini mwa Uturuki ya leo, muda wote Tigranes alipokuwa akitawala, asije Shamu ikawa tena windo la Wayahudi na Waarabu kwa kuwa yeye hawezi kuilinda. Kwa sheria ya Seleucus mwenyewe, kwamba nchi ni ya anayeishika kwa mkuki, Antiochus hakuwa na la kujibu, na Shamu ikafanywa jimbo la Roma bila vita.